Yai Mkononi mwa Marehemu

Siku ile bwege nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana nikiwaachia wenzangu wa kituoni walisimulie, wataongeza chumvi, na hadithi hii tayari ina chumvi ya kutosha, na siki juu yake.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Whitechapel, mashariki ya London. Maxine Hartnoll aliamka akakuta upande wa mumewe, Clive, kitandani umepoa. Akamtafuta jikoni, akamtafuta kwenye kaunta, mwisho akafungua mlango wa stoo ya chini wanakoweka mapipa ya bia. Wawili hao walikuwa na baa yao inaitwa Jogoo Mweupe, na Clive alikuwa na tabia ya kushuka kule kuangalia mapipa yake kama mfugaji anavyoangalia ng'ombe. Maxine alishuka ngazi kidogo, akaona mgongo. Clive alikuwa amekaa juu ya pipa tupu, uso ameuelekeza ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Akamwita. Halafu akaiona damu kisogoni, akapanda ngazi mbio akipiga kelele, wala hakurudi tena chini.

Sisi ndio tuliomzunguka tukamwona kwa mbele. Sisi, maana yake mimi, Sajini Wilf Tapsell, na mkubwa wangu, Inspekta Anwara Choudhry. Binti huyu alizaliwa Shadwell, barabara chache tu kutoka nilikozaliwa mimi. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini kwa cheo ananizidi, na kwa akili tusizungumze. Akifurahi huniita mzee Wilf. Akikasirika huniita Sajini.

Buti za marehemu zilikuwa zimevalishwa kinyume: ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Na mkono wake wa kulia, uliolala pajani, ulikuwa umeshika yai. Yai la siki, lile la kuchemshwa linaloelea ndani ya siki kwenye chupa pana katika kaunta ya kila baa inayojiheshimu, ambalo mtu hulila akiwa amelewa na kulijutia akiwa mzima.

"Hii naijua!" nikasema.

Inspekta akanitazama. "Unaijua vipi?"

"Ni Jabez Trundle, afande. Mtengeneza mishumaa. Aliuawa mwaka 1809, mtaa wa nyuma tu hapo. Alikaa hivi hivi, uso ukutani. Buti hizi hizi. Muuaji hakupatikana mpaka leo."

"Na yai?"

"Na yai pia. Nakumbuka vizuri kabisa."

Hapo ndipo ubwege ulipoanza, lakini mimi sikuuona. Niliona kitu kingine. Kila Jumatatu mimi na mke wangu Doreen tulikuwa tunatazama tamthilia moja ya wapelelezi, inapigwa picha mitaa yetu hii hii, na kila mauaji ya leo yanafuata nyayo za mauaji ya zamani. Mtu anachinjwa leo, kumbe babu wa babu yetu alichinjwa hivyo hivyo, na polisi wanakimbilia vitabu vyenye vumbi kabla wa pili hajafa. Sikukosa hata kipindi kimoja. Kila kipindi nilimtaja muuaji kabla ya robo saa, na kila mara, kwa mujibu wa Doreen, nilimtaja aliyekuja kuuawa baadaye. Basi, pale kwenye stoo, nikiwa nimesimama kati ya mapipa na maiti, nilijiona nimeingia ndani ya televisheni.

"Nani mwingine anaijua habari ya Trundle?" akauliza Inspekta.

"Monty Klinger, anayewatembeza watalii kwenye mitaa ya mauaji. Mimi nilimsikia yeye. Lakini Monty ni mpiga domo tu. Aliyesoma hati zenyewe za mwaka ule ni mmoja, Daktari Lionel Fairbrass wa maktaba ya kumbukumbu. Kaandika kitabu kizima juu ya Trundle."

Tukapanda juu. Maxine alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai alichokuwa hakinywi. Aliyetuhudumia ni Roy Sedgwick, mhudumu wa baa, mtu mkimya mwenye shingo nene, anayeishi chumba cha juu pale pale tangu mimi nikiwa na nywele.

"Clive alikuwa na ugomvi na mtu?" nikamwuliza.

"Yule daktari wa vitabu," Roy akasema. "Alikuja wiki iliyopita akafoka mbele ya watu. Eti Clive kachora picha ya uongo ya Trundle kwenye bango la nje. Akasema atamfunza adabu."

Nilimgeukia Inspekta kwa uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Na wewe Roy," akauliza yeye, kana kwamba hajaniona, "hadithi hii ya Trundle unaijua?"

"Mimi? Upuuzi wa Monty siusikilizi, afande. Nina mapipa ya kubadilisha."

Jumatatu asubuhi nilimkamata Daktari Fairbrass ndani ya maktaba, mbele ya wasomaji. Mtu mwembamba, miwani imeungwa kwa gundi penye mkono wa sikio. Aliomba dakika moja arudishe kitabu mahali pake. Nikamnyima, kwa sababu kwenye tamthilia wakipewa dakika moja hurukia dirishani. Magazeti ya jioni yaliandika ukuta na buti, yakamwita msomi wa damu. Yai tulilificha sisi, hatukumwambia mtu yeyote, wala Maxine hatukumwambia. Bosi wetu mkubwa alinipiga bega. Hakimu alitupa muda hadi Alhamisi saa kumi na mbili jioni: ama tumfungulie mashtaka ya mauaji, ama tumwachie. Na bosi alikuwa ameshaamua. Daktari angefunguliwa mashtaka, angekaa rumande mpaka kesi isikilizwe, na mtu wa aina ile, aliyeogopa hata sauti ya mlango wa mahabusu, nilijua asingefika kwenye kesi akiwa mzima.

Jumanne tukamhoji. Nilimwekea picha mezani. Akazitazama moja moja, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Hiki nini hiki mkononi?"

"Usijifanye hujui, Daktari. Yai."

"Yai gani?"

"La Trundle."

"Sajini, ushahidi wa Trundle nimeusoma kiasi kwamba mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu hiyo. Hakuna yai."

"Buti je? Zilizovalishwa kinyume?"

Akacheka. Mtu anayekabiliwa na kifungo cha maisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Viatu vya fukara wa enzi zile havikuwa na kulia wala kushoto! Fundi alivishona vyote viwili kwa umbo moja. Unaamka, unavaa chochote kilicho karibu. Sasa wewe niambie, unavivalishaje kinyume?"

Nikajikuta natazama viatu vyangu chini ya meza.

"Hapa cha kweli ni ukuta peke yake," akaendelea, na sasa alikuwa anafoka. "Kama ningetaka kumuua Clive kwa mfano wa Trundle, na siku ile ya bango nilitamani kweli, unadhani ningefanya kazi chafu namna hii? Mimi nimewafelisha wanafunzi kwa makosa madogo kuliko haya!"

Nimewahoji wauaji wengi. Wapo waliolia, wapo walioomba wakili, mmoja aliniomba sigara na namba ya dada yangu. Sijapata kumwona aliyekasirishwa na picha za maiti kwa sababu hazikufuata vitabu.

Tulipotoka nje Inspekta akafunga mlango taratibu.

"Sajini."

Nikajua.

"Uliniambia unalikumbuka yai."

"Nalikumbuka, afande! Nilimsikia Monty kwa masikio yangu. Mwaka juzi, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu."

"Siku ya kumbukumbu ya ndoa ulimpeleka mkeo kwenye mauaji?"

"Alipenda mwenyewe."

"Maskini Doreen. Twende kwa Monty."

Tulimkuta Monty Klinger kwenye duka la mikate la Brick Lane, mkate wa duara mkononi, nyama ya chumvi inachungulia pande zote, na ile kofia yake ndefu ya kazi imekaa kwenye kiti cha pembeni kama mke. Alikuwa amerudi jana yake tu kutoka Leeds, kwenye harusi ya mpwa wake, alikokwenda Ijumaa na kucheza ngoma Jumamosi usiku kucha mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo yeye tulimfuta kwenye orodha hata kabla hajameza.

"Zile buti za kinyume kwenye hadithi, ni zako?" akauliza Inspekta.

"Za kwangu kabisa," Monty akasema kwa fahari. "Shemeji yangu alivaa viatu kinyume kwenye mazishi, watu wakacheka kuliko walivyolia. Nikasema, hii siiachi ipotee bure. Miaka sasa namvalisha Trundle."

"Na yai?"

"Ah! Yai." Akauweka mkate chini, na mtu akiweka chini mkate ule ujue jambo ni zito. "Mmelijuaje yai?"

"Tujibu kwanza."

"Alhamisi iliyopita. Kawaida matembezi yangu yanaishia Jogoo Mweupe, ya Trundle nayasimulia pale pale kwenye baa. Siku ile mvua ilitupiga, tumefika tumelowa, wageni wangu ni walimu kutoka Norwei, hawacheki, hawashtuki, wananitazama kama mtihani wa kusahihisha. Clive, Mungu amrehemu, akaniambia, Monty, washushe stoo ya chini, labda giza litawatisha. Nikawashusha. Nikaleta ukuta, kimya. Nikaleta buti, kimya. Nikasema, leo nakufa na njaa mimi. Basi likanitoka tu: na mkononi mwake, mabibi na mabwana, alikuwa ameshika yai! Mwalimu mmoja akapiga ukelele. Nikajua nimepata."

"Ulikuwa umewahi kulisema kabla?"

"Lilizaliwa pale pale."

"Na baada ya hapo?"

"Kesho yake nilipanda treni. Kwa nani ningelisema, kwa bibi harusi?"

Inspekta akanigeukia polepole. Monty naye akanigeukia.

"Wilf, mwaka juzi hapakuwa na yai."

"Lilikuwepo! Nalikumbuka hata lilivyokuwa linang'aa!"

"Basi una kipaji kunizidi. Acha upolisi, nikupe kofia."

Mpaka leo sijui lile yai liliingiaje kichwani mwangu. Nililiona kwa marehemu, na papo hapo likarudi nyuma miaka miwili likajiweka kwenye kumbukumbu yangu, likatulia, kana kwamba limetagwa mle. Naapa nililisikia. Na kwa kuapa hivyo nilikuwa nimemtia mtu asiye na hatia ndani.

"Kule chini," akauliza Inspekta, "mlikuwa nani na nani?"

"Mimi na walimu. Clive alibaki mlangoni juu, anaongea na mteja. Na kulikuwa na mtu nyuma ya mapipa."

"Mtu gani?"

"Sikumwona. Kuna ukuta mdogo pale. Nilisikia tu mapipa yakigongana muda wote ninaosimulia, mpaka nikataka kumwambia anyamaze. Halafu nilipolitaja yai..." Monty akakuna kidevu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anaigiza. "Ajabu. Sikuwa nimeliwaza hili. Nilipolitaja yai, mapipa yakanyamaza."

Walimu wa Norwei walikuwa wamerudi kwao Ijumaa. Amebaki mtu wa nyuma ya mapipa.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshampata. "Ni Maxine."

"Kwa nini?"

"Kwenye tamthilia, asipokuwa mtaalamu huwa ni mke."

Inspekta aliegesha gari pembeni ya barabara. Akazima injini. Nikadhani nashushwa.

"Sikiliza, mzee Wilf. Wanaoshuka stoo ile ni watatu: Maxine, Roy, na dereva anayeleta mapipa kila Alhamisi. Clive alitaka kuiuza baa, ibomolewe yajengwe maghorofa ya kuishi. Maxine ameniambia mwenyewe kwamba hakutaka. Roy atakosa kazi na chumba kwa siku moja. Dereva atakosa mteja. Kila mmoja ana chake. Kwa hiyo achana na nani alitaka kumuua. Niulize swali lingine."

"Lipi?"

"Mtu amempiga mwenzake kwa hasira, kamuua. Angeweza kukimbia, au kuvunja dirisha tuseme ni wezi. Badala yake anamvalisha maiti buti kinyume, anamwekea yai mkononi. Maonyesho yote yale. Yaliandaliwa kwa ajili ya mtazamaji gani?"

"Polisi."

"Polisi wote? Mimi ningeona yai nikafikiri ni yai. Ilibidi apatikane polisi mmoja ambaye akiona yai ataiona historia. Sasa niambie, nani hukaa kwenye kaunta ya Jogoo Mweupe kila Jumanne, akiwasimulia watu kipindi cha Jumatatu, na kuapa kwamba kesi kama zile zikija kwake atazimaliza kwa siku moja?"

Magari yalitupita. Mwanamke mmoja akavuka na mbwa wake. Mimi nilikuwa natazama dashibodi.

"Mtu alikupikia chakula unachokipenda," akasema, kwa upole kabisa, na upole ndio uliouma.

"Na mimi nikala," nikasema. "Nikaomba na kijiko cha pili."

"Ukaramba na sahani. Haya. Bosi hataki kusikia habari za Monty. Anasema mpiga domo hawezi kumtoa mtu mahabusu, na kwamba daktari alikosea kwa makusudi ili atudanganye. Tuna mpaka Alhamisi jioni. Nitamtoaje kichwani mtu mmoja kitu asichojua kwamba anacho peke yake, lile yai?"

"Kwa watu wetu?" nikaropoka. "Wala huna haja ya kukitoa. Watu wa huku wana ugonjwa mmoja, afande. Simulia hadithi wanayoijua, halafu ruka kipande. Watakurekebisha hata kama unakata roho. Mama yangu alimrekebisha padri kwenye mazishi ya baba, akiwa analia."

Akatoa simu, akampigia Monty. Halafu akawasha gari. Hilo ndilo wazo langu pekee lililofaa wiki ile nzima, na hata hilo nililitoa bila kujua kama ni wazo.

Alhamisi mchana Maxine aliifungua baa kwa ajili ya kumuaga Clive, kama ilivyo desturi mwenye baa akifa: wateja wake wanaalikwa, bia ya kwanza hailipiwi, na maneno mazuri yanasemwa na watu waliomsengenya alipokuwa hai. Kulikuwa na vipande vya mkate vyenye nyama ya nguruwe na tango, soseji zilizofungwa kwenye unga uliokandwa na kuokwa, na keki ambayo Doreen wangu aliipika bila kuulizwa. Roy alikuwa kaunta, tai nyeusi imembana ile shingo, anamimina bia bila kuinua macho. Dereva wa mapipa alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Maxine alikuwa anazunguka na sahani. Inspekta alikaa pembeni na glasi ya maji ya machungwa. Mimi nilikaa nilipokaa siku zote, na nilikuwa nimeagizwa jambo moja tu: nisifungue mdomo.

Kituoni, Daktari Fairbrass alikuwa anasubiri saa kumi na mbili, na bosi naye alikuwa anaisubiri na kalamu.

Monty akapanda juu ya kiti, akavua kofia.

"Clive hakuwa mtu wa sala," akasema, "ila hadithi moja aliipenda kama sala. Basi nimuage nayo. Mwaka 1806, marafiki zangu..."

"Tisa!" likaja kutoka pande tatu. "Mwaka 1809, Monty!"

"Samahani, nina majonzi. Mwaka 1809, mtaa wa nyuma hapo, aliishi mtengeneza sabuni..."

"Mishumaa!" Sasa watu walikuwa wameanza kucheka. "Mshusheni huyo, amelewa kabla yetu!"

"Mishumaa, mishumaa. Mnanionea. Asubuhi moja alikutwa amekaa, uso ameuelekeza..."

"Ukutani!"

"Na buti zake..."

"Kinyume!" Baa nzima, kama wanakwaya. Hata Maxine midomo yake ilitikisika. Nilimkodolea macho mpaka yakauma.

"Na mikono yake," Monty akasema, akaishusha sauti, akaonyesha viganja vyake viwili, "mikono yake, marafiki, ilikuwa mitupu kama mifuko yangu. Mungu amlaze Trundle, na Mungu amlaze Clive."

Hakuna aliyemrekebisha. Watu waliinua glasi zao. Maxine aliinamisha kichwa tu. Dereva alikuwa anafuta pua. Nikaitazama saa ya ukutani, nikamwona Daktari na miwani yake ya gundi akiingizwa kwenye gari la rumande, na aliyemwingiza mle ni mimi na kumbukumbu yangu inayong'aa. Monty alikuwa ameshashusha mguu mmoja kutoka kwenye kiti.

"Na yai?"

Ilitoka nyuma ya kaunta. Roy alikuwa anafuta glasi kwa kitambaa, wala hakuwa ameacha kufuta.

"Umeruka yai, mzee. Trundle alikuwa na yai mkononi."

"Yai gani tena, Roy?" mtu mmoja akacheka. "Una njaa?"

Inspekta Choudhry aliiweka glasi yake mezani pasipo sauti. Akasimama, akaenda mpaka kwenye kaunta, kama mteja anayetaka kuongezewa.

"Yai gani, Roy?"

"Lile... la kwenye hadithi, afande." Kitambaa kikasimama. "Hadithi ina yai. Yeye ndiye kasahau."

"Jumapili uliniambia upuuzi wa Monty huusikilizi."

"Siusikilizi! Lakini masikio yana mlango? Nimefanya kazi hapa miaka yote hii, anapayuka kila Alhamisi, utaacha kusikia?"

"Kwa hiyo ulilisikia hapa kwenye kaunta."

"Hapa hapa. Mara mia."

"Si kule chini?"

"Chini kuna nini? Hapa!" Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu mpaka kwenye tai. "Mnanitazama nini nyote? Lile ni jambo la historia, liko vitabuni! Yule daktari wenu analijua, ndiyo maana mmemfunga. Wilf analijua! Wilf, waambie!"

Nikafungua mdomo. Inspekta akaninyooshea kidole bila kugeuka. Nikaufunga.

"Kila mtu kwenye baa hii analijua," Roy akasema, na sasa alikuwa anapiga kaunta kwa kiganja, glasi zinalia. "Kila mtu! Muulizeni yeyote mnayemtaka. Muulizeni Bibi Ivy, amekaa kwenye kiti kile kabla mimi sijaajiriwa!"

Vichwa vyote viligeukia pembe ya dirisha. Bibi Ivy Pocock alikuwa na bia yake nyeusi na kipande cha keki ya Doreen. Hakuwa na haraka. Alimaliza kutafuna, akafuta povu juu ya mdomo kwa kidole.

"Roy, mwanangu," akasema, "hadithi hii nimeisikia kila Alhamisi tangu nimzike mume wangu. Nimeikosa moja tu, ile ya wiki iliyopita mlipoipeleka huko chini kuikimbiza mvua. Yai nimelisikia leo, na nimelisikia kwako."